Mnara Usio na Njiwa

Wewe unayesoma, je, umewahi kuitwa mwizi na mtu ambaye umemfulia kanzu miaka ishirini?

Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako, kisha tuingie mnarani upesi. Wiki iliyopita tulimwacha Keziah amesimama katikati ya chumba chake, mikono ina unga wa chapati hadi viwikoni. Mbele yake alisimama Baba Mansuri, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, ameshika kitu kilichofungwa kwa mtandio wa kijani. Kila mtu katika nyumba ile aliujua mtandio ule. Ulikuwa wa madam Fauzia, mkewe, aliyezikwa miezi miwili iliyopita.

“Nimekuuliza,” Baba Mansuri alisema. “Kitu cha mke wangu kimefikaje chumbani kwako?”

Keziah alitazama sakafu.

“Keziah!”

“Nimesikia, baba.”

“Basi jibu.”

Jibu alikuwa nalo! Lakini alikuwa amemwahidi marehemu, na Keziah, binti wa mzee wa kanisa kule Vihiga, hakujua namna ya kuivunja ahadi ya mtu aliyekwisha kwenda.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nikupe jambo moja ili tusiachane njiani. Nyumba hii iko Riyadh, lakini ukiiona utadhani imeshuka kutoka mbinguni ikakosea nchi. Ni nakala ya jumba la kale la shamba huko Ufaransa, jumba la bwana mmoja mwenye ardhi, lililojengwa miaka mia nne iliyopita. Baba Mansuri alileta mafundi wakalipima lile la huko, wakaja kulisimamisha hili jiwe kwa jiwe. Paa limesimama wima ili theluji iteleze, na theluji hakuna. Dohani ziko kumi na moja, na hakuna iliyowahi kutoa moshi. Madirisha makubwa sabini na nane yanatazama kusini kulitafuta jua, na jua la Riyadh, wewe, halitafutwi! Ndiyo maana kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili Keziah huzunguka akivifunga vifuniko vya mbao vya madirisha yote, na kila magharibi huvifungua.

Mwisho wa ua kuna mnara wa mviringo. Ndani yake ukuta wote una matundu, mistari kwa mistari, kutoka usawa wa magoti hadi darini. Mia mbili na arobaini. Mafundi waliyatoboa kwa sababu kule Ufaransa yalikuwepo. Nyumbani hakuna aliyekumbuka ni ya nini, basi madam Fauzia akasema, “Keziah alale humo, kuta ni nene, hapana joto.”

Keziah akayafanya makabati. Tundu moja chupa ya chai, jingine Biblia, jingine sindano na nyuzi. Katika moja mlikuwa na kiatu kimoja cha mtoto wa miaka minne, cha mguu wa kushoto. Manane yaliyofuatana yalikuwa na karatasi za ripoti za shule, darasa la kwanza hadi la nane, zimekunjwa vizuri. Yaliyobaki yalikuwa matupu.

Na katika tundu moja karibu na kitanda, ndimo Baba Mansuri alimoutoa mtandio.

“Sawa,” alisema. Sauti yake ilishuka, na sauti ya mzee mpole ikishuka hutisha kuliko ya mkali. “Umenyamaza. Mwenye haki hanyamazi. Naita polisi.”

Akatoa simu.

“Baba, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Sema!”

“Tafadhali usiufungue huo mtandio.”

Lo! Ndilo neno ambalo hakupaswa kulisema. Baba Mansuri alilivuta lile fundo moja, mtandio ukaanguka, na mkononi mwake kikabaki kipande cha mbao. Mbao nyeusi ya zamani, urefu wa mkono wa mtu mzima, imenakshiwa na kutobolewa nyota ndogo ndogo. Upande mmoja ulikuwa umevunjika.

Alitarajia dhahabu. Aligeuza, akageuza tena.

“Hii ni nini? Takataka?”

“Si takataka, baba!”

Sauti hiyo haikuwa ya Keziah. Ilitoka mlangoni, ambapo Miriam, msichana wa Mombasa aliyekuwa akipika naye, alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote tangu jikoni, maana Miriam alikuwa na masikio ya kusikia hata chumvi ikiyeyuka.

“Miriam, rudi jikoni,” Keziah alisema kwa Kiswahili.

“Sirudi, Mama Laban. Chapati ziungue. ” Akageukia Kiarabu. “Baba, wamwita huyu mwizi? Huyu ambaye ndizi ikioza huuliza kwanza ndipo aitupe? Ukitaka mwizi nishike mimi, nimekula tende zako tangu mwezi wa Ramadhani!”

“Miriam!”

“Wacha, nimwambie. Baba, usimwulize yeye, ameapa. Liulize hilo dirisha.”

Baba Mansuri akageuka. Mnara ule una dirisha moja tu, dogo, limeelekea magharibi. Kwenye fremu yake, juu, palipigwa misumari miwili. Kwenye msumari mmoja ulining'inia uzi. Uzi wa kijani.

Mzee akausogelea.

“Nani alipiga misumari hii?”

Keziah akaona hakuna pa kukimbilia. Alipangusa unga kwa kanga, akaenda, akakichukua kile kipande kutoka mkononi mwa kafili wake kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto.

“Mimi, baba. Kwa mchi wa kinu. Aliniambia nipige, nikapiga.”

“Nani?”

“Madam.”

Akainua ile mbao, akaipachika juu ya misumari. Ilikaa sawasawa. Ilikuwa saa kumi kasoro robo alasiri, jua la Desemba limeshuka upande ule, na mwanga uliokuwa ukiingia mzima mzima ukakatika vipande. Nyota zikamwagika sakafuni. Zikapanda kitandani. Zikamfuata Baba Mansuri hadi kwenye kanzu yake nyeupe, kifuani.

“Kila siku saa kama hii alikuja,” Keziah alisema. “Akikaa hapo kitandani. Hapo hapo. Akivua viatu, akiziweka nyayo zake juu ya nyota.”

“Saa hizi alikuwa akilala. Aliniambia hulala.”

“Hakuwa akilala, baba.”

“Miaka kumi na miwili?”

“Mpaka alipokosa nguvu za kushuka ngazi. Halafu nilikuwa nikimbeba.”

Mzee alikaa. Hakuangalia anakalia nini. Alikalia kitanda cha mfanyakazi wake, kitanda cha chuma chenye blanketi la maua, na miguu yake ikawa juu ya zile nyota.

“Mbao hii ni ya wapi?”

Keziah alimtazama Miriam. Miriam akaitikia kwa kichwa, yaani, mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

“Ya nyumba ya baba yake. Jeddah, kule Al-Baghdadiyah. Ni ya roshani. Alisema walipoivunja ile nyumba, kaka yake alikiokota kipande hiki kwenye kifusi akamletea.”

“Kama nyumba za kwetu Mji wa Kale,” Miriam alinong'ona. “Kuta za matumbawe, roshani ya mbao, mtu akae ndani aone njia na njia isimwone.”

“Lakini nilimwambia nyumba ile imevunjwa,” Baba Mansuri alisema. “Hakulia hata! Alisema halas, yamekwisha, ni nyumba kuukuu. Alilia Ufaransa tu.”

Hapo akasimulia, na nadhani alikuwa akijisimulia mwenyewe. Walikwenda Ufaransa kumwona daktari wa mambo ya uzazi. Daktari akawaambia hakuna mtoto, mafi, yaani hamna, wasihangaike tena. Ili kumpumzisha mkewe alimpeleka shambani, kwenye lile jumba la kale lililogeuzwa hoteli. Siku kumi na moja. Na alasiri moja alirudi chumbani akamkuta Fauzia amekaa sakafuni, kifuniko cha dirisha kimefungwa, mwanga unaingia kwa vijipande, naye analia machozi yasiyo na sauti.

“Nilifikiri ni uzuri wa nyumba,” alisema. “Nilifikiri, mwanamke huyu hakupata mtoto, basi apate nyumba iliyomliza. Nikaijenga. Nilileta hata mawe ya paa kwa meli.” Akauinua uso. “Alikuwa akililia dirisha la kwao?”

“Ndiyo, baba.”

“Na hakuniambia?”

“Alisema uliijenga kwa mapenzi. Alisema akikuambia haikuwa hii, atakuwa ameibomoa yote kwa mdomo wake.”

Msomaji wangu, usimcheke mzee huyu. Wangapi tumewapikia wenzetu chakula miaka na miaka wasichokipenda, nao wakakila kwa adabu?

Baba Mansuri hakulia. Alifanya jambo baya kuliko kulia. Aliuokota ule mtandio wa kijani, akaanza kuikunja na kuikunjua ncha yake, taratibu, kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Miriam akajifuta macho kwa nyuma ya mkono wenye mwiko, akajipaka samli shavuni.

“Nisamehe kwa neno nililokuita,” mzee alisema hatimaye.

“Limekwisha, baba.”

Hapo ungedhani mambo yametulia. Na mimi ningependa yatulie. Lakini ile huruma ndiyo iliyoleta balaa.

Maana Baba Mansuri alisimama ghafla, akatazama pande zote za mnara kama aliyezaliwa upya.

“Basi nyumba haivunjwi!” alisema. “Keziah, nisikilize. Nilikuja kukuambia hivi kabla sijaona mtandio. Nyumba naiuza, na mnunuzi anakuja sasa hivi. Ni mtu wa kumbi za harusi. Ana njia mbili. Moja, avunje kila kitu Jumapili ajenge upya. Ya pili, aiache nyumba kama ilivyo, watu waoane humu. Lakini anasema nyumba ya Kifaransa haielewi, madirisha hayaelewi, kufuli hazielewi. Ataiacha ikiwa yuko mtu anayeijua. Anakutaka wewe.”

“Mimi?”

“Uhamie kwake. Miaka minne. Ombi limeshatumwa kwenye simu yako, ubonyeze kukubali tu. Ukibonyeza, mnara huu unabaki. Dirisha hili linabaki. Mahali alipokaa Fauzia panabaki.”

Ni kweli, simu ya Keziah ilikuwa imelia tangu mchana na hakuitazama. Aliitoa katika tundu lake. Ujumbe ulikuwepo: jina lake, namba ya ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini, jina la kafili mpya, na vibonyezo viwili, cha kijani na chekundu.

“Wajua matundu haya yalikuwa ya nini?” Baba Mansuri aliendelea, macho yanang'aa. “Mafundi waliniambia, nami nikasahau. Njiwa! Huu ni mnara wa njiwa. Kule kwao si kila mtu aliruhusiwa kufuga. Mwenye ardhi peke yake. Na idadi ya matundu ilifuata ukubwa wa shamba, tundu moja kama ekari moja. Watu walikuwa wakipita njiani wanahesabu matundu, wanajua bwana huyu ana nini. Na wakulima maskini njiwa wale wakila mbegu zao, hawakuthubutu kuwatupia jiwe. Mpaka mapinduzi yao yalipokuja, wakaivunja mingi kwa hasira.” Akacheka kidogo, cheko la kusikitisha. “Kwa sheria ile, Keziah, wewe ungekuwa bibi wa ekari mia mbili na arobaini.”

“Nina robo ekari, baba,” Keziah alisema. “Na nusu yake ni mwamba.”

“Bonyeza, tafadhali. Sikuamuru. Nakuomba.”

Na hapo ndipo penye uchungu. Angemwamuru, Keziah angejua la kufanya. Miaka ishirini alikuwa amejifunza kuamriwa. Lakini kuombwa, na mzee mwenye nyota kifuani, aombe kwa jina la mwanamke ambaye Keziah alimwosha, akambeba, akamfunga kitambaa cha mwisho cha kichwa!

Kidole chake kilisogea kwenye kijani.

Simu ikaita.

Jina likatokea: LABAN.

Miriam akavuta pumzi. Keziah akapokea haraka, na kwa sababu vidole vyake vilikuwa na unga, akagusa pasipohitajika, sauti ikatoka nje kwa wote.

“Keziah,” ilisema sauti ya kijana.

Hakusema mama. Hakuwa amesema mama tangu alipokuwa darasa la saba.

“Laban, niko kazini. Nitakupigia.”

“Najua uko kazini. Uko kazini tangu nikiwa na miaka minne. Nimepiga kukuambia tu, kesho saa kumi alasiri ndege inaondoka. Contract imeisha. Nimeshafunga mzigo, niko tu hapa Al-Baghdadiyah na maboyz tunangoja.”

“Kesho?”

“Nilikuambia mwezi uliopita. Na ule mwingine. Ukasema madam amekufa, nyumba ina wageni wa matanga. Nikasema sawa. Ulikuwa unasema madam ni mgonjwa, nikasema sawa. Miaka miwili niko nchi hii, Keziah. Unafikiri nilikuja kupanga makontena pale bandarini? Makontena hata Mombasa yako.”

Keziah alijishika ukutani. Kidole kimoja kiliingia katika tundu la kile kiatu.

“Sikudai kitu,” Laban alisema. “Nilitaka uje tunywe chai. Siku moja. Nikuone ukiwa umekaa.”

Baba Mansuri alikuwa haelewi Kiswahili. Lakini alilielewa neno Al-Baghdadiyah, na alikielewa kilio kilichokuwa katika sauti ile, maana kila lugha ina hicho kimoja.

“Huyo ni nani?” aliuliza kwa Kiarabu.

“Ni Laban, baba. Mwanangu.”

“Yuko Kenya?”

“Yuko Jeddah.”

“Jeddah! Tangu lini?”

“Miaka miwili.”

“Nimekwenda Jeddah mara sita katika miaka miwili! Gari lina viti saba! Mbona hukusema?”

“Hukuuliza, baba.”

“Fauzia alijua?”

“Alijua.”

“Na hakukuruhusu uende?”

“Sikumwomba. Alikuwa mgonjwa, angenikatalia vipi, na angeniruhusu vipi? Aliniambia siku nikienda kumwona mwanangu, nikichukue hiki kipande, nikirudishe Jeddah. Nikasema nitakipeleka. Hiyo ndiyo ahadi nyingine.”

Mzee akaligeukia dirisha. Alikuwa mtu aliyejua nyumba yake ina dohani ngapi, na ndani yake wanawake wawili walikaa alasiri moja baada ya nyingine wakitazama upande mmoja, magharibi, na hakujua wanatazama nini.

Nje, getini, gari likapiga honi. Mara mbili.

“Mnunuzi,” Miriam alisema.

“Keziah?” Sauti ya Laban kwenye simu. “Uko?”

Honi tena. Baba Mansuri alitazama kile kipande cha mbao dirishani, akatazama yale matundu manane yenye ripoti za shule, akatazama kiatu. Alikitoa. Alikiweka kwenye kiganja chake. Kilikuwa kidogo hata kiganja kimoja kilikitosha.

“Mwenzake yuko wapi?”

“Laban alibaki nacho. Nilikuwa namvisha, gari la kunipeleka Nairobi likafika. Nikaondoka na hiki mkononi, sikujua.”

Jua lilikuwa linashuka. Nyota zilikwishahama kitandani, zilikuwa zinapanda ukutani, tundu hadi tundu, katika yale matundu matupu.

“Ukikataa wataivunja Jumapili,” Baba Mansuri alisema polepole, si kwa kutisha, bali kama mtu anayemwonesha mwenzake shimo njiani. “Hata hapa. Sitakuwa na mahali pa kuja kumtafuta. Hiyo ndiyo kweli, siifichi. Lakini mimi nilimjengea mtu jumba la mawe nisimwulize neno moja.” Akakirudisha kiatu ndani ya tundu lake, akakinyoosha. “Keziah, wewe unataka nini?”

Neno lake la siku zote likaja mpaka kwenye meno. Niko sawa, baba. Alilisema alipofiwa na mama yake. Alilisema alipovunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi. Miaka ishirini, niko sawa.

Kwenye simu, Laban alikuwa bado anangoja. Hakuwa amekata.

Keziah akaenda dirishani, akaing'oa ile mbao kwenye misumari, mwanga mzima ukaingia chumbani kwa kishindo. Akaifunga ndani ya mtandio wa kijani, fundo moja, kama alivyofunzwa. Kisha akasema, kwa Kiarabu kwanza ili mzee asikie, halafu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili isikike hadi Jeddah:

“Nataka kwenda kwa mwanangu. Leo. Nataka nimkute kabla hajapanda ndege, nipande naye, twende nyumbani. Ndicho nilichotaka, baba, tangu siku ya kwanza ile nilipojikuta nimeshika kiatu.”